Firigisi

Leo kuku amepikwa na Tenywa,
mjukuu wangu, fundi wa simu.
Amejifunga leso yangu kiunoni,
mkononi ameshika mwiko
na hakuna mwiko anaoujua.
Nimekalishwa kitini. "Jaja, pumzika."
Nimepumzika kama aliyekalia siafu.

Kisha sahani: wali, mchuzi,
na juu ya wali, katikati, peke yake,
firigisi.

Hapa Walukuba, katika vyumba hivi viwili
tulivyopanga tangu kiwanda kinanguruma,
miaka thelathini na mmoja
niliipasua, nikaiosha, nikaimenya ngozi yake ya njano,
nikampelekea Balidawa kwa magoti.
Kitu kidogo, hakizidi saa ya mkononi,
lakini ndicho kilichotuambia nyumbani ni saa ngapi.
Jioni moja paka wa jirani aliinyakua.
Nilikopa jogoo mzima kwa mke wa kinyozi,
akachinjwa usiku kwa mwanga wa kandili,
ili bakuli la mume lisije na pengo.
Balidawa alikula, akajipangusa midomo.
Hakuuliza kwa nini kuku ana shingo mbili.

Mama yangu aliuza mayai sokoni Bugembe.
Alilitikisa yai sikioni, akajua umri wake.
Amezikwa bila kujua ladha yake.

Mimi nililijua kiwandani, zamu ya usiku,
pamba imetujaa nyweleni mpaka tukafanana na vikongwe.
Nyadoi wa Tororo alinimegea lake la kuchemsha:
"Kula, dada, nani atakuona?"
Kule tulisema Kiswahili, sote,
na miko yangu yote nilifunzwa kwa Kisoga;
haikujua kujitetea kwa lugha ya mashine.
Nikala.
Asubuhi nikajipapasa kidevu mbele ya kioo,
maana tuliambiwa mwanamke mla yai huota ndevu.
Hakuna hata unywele.
Nilisikitika kidogo, sijui kwa nini.

Sasa lile asilolijua Tenywa.
Mama yake, Kagoya, akiwa na miaka tisa,
nilimkuta nyuma ya choo na paja la kuku.
Nilimchapa mpaka fimbo ikachoka.
Mimi. Mwenye yai tumboni.
Hakulia. Aliendelea kutafuna.

"Kula basi, Jaja, inapoa. Ni nyama tu."

Ni nyama tu.
Kijana anasema kama anayefungua dirisha,
nami ndani upepo unanipeperusha, natafuta cha kushika.
Kama ni nyama tu, yale magoti yalikuwa nini?
Na jogoo wa mke wa kinyozi,
ambaye deni lake nililipa kwa miezi miwili?
Sitaki yarudi. Nisieleweke vibaya.
Nataka tu mtu aniambie yalikwenda wapi.

Nimeikata vipande viwili.
Kimoja nimekitia kinywani: kigumu, kitamu,
na kina mchanga, hakuimenya vizuri.
Sikusema. Kesho nitamwonyesha:
ukucha unaingia hivi, ngozi inabanduka yote.
Cha pili nimekifunika kwa kisahani.
Mama yake anatoka kazini saa moja.