Mengineyo

Fomu imetoka makao makuu, Oviedo, kurasa kumi na moja,
na barua ya upole juu yake:
kabla ya Ijumaa saa sita mchana
tuelezeni maktaba yenu imeifanyia nini jamii.
Kwa tarakimu, tafadhali.

Naanza na mlango, maana mlango una mashine,
jicho jekundu kwenye kimo cha goti
linalohesabu kila kikatizacho mwanga.
Februari: elfu mbili mia nne na sita.
Nagawa kwa mbili, kwa kuwa aingiaye hutoka.
Kisha namkumbuka Moro, mbwa wa Eladio,
aingiaye na bwana wake asubuhi
na kutoka peke yake mara tatu kukojoa.
Nimtoe?
Kalamu inasita. Naye ni mkazi.
Namwacha.

Safu ya pili, vitabu vilivyoazimwa.
Hapa yupo Benigna, mjane wa fundi wa winchi.
Mumewe alisoma hadithi za upelelezi tu,
na ili asirudie aliyokwisha kuimaliza
alitia nukta ya penseli, ukurasa wa thelathini na tatu.
Kuharibu mali ya umma huko; nilimgombeza mara mbili.
Sasa Benigna huja kila Jumanne.
Hasomi. Hufungua thelathini na tatu pale pale kaunta,
miwani ikimteleza puani;
akiikuta nukta, kitabu kinakwenda naye nyumbani,
asipoikuta ananirudishia:
"Hiki hakukifikia."
Mfumo umeandika: mikopo kumi na miwili.
Haukukosea.

Kompyuta, kwa dakika.
Nel alikaa kwenye ile ya dirishani majira yote ya kupukutika majani,
akiandika barua za kuomba kazi kwa vidole viwili,
akiniuliza kama "mchapakazi" ni neno moja au mawili.
Desemba bandari ya Gijón ikamwita.
Hajarudi.
Kwenye grafu yangu amekuwa mteremko,
na chini ya mteremko fomu inauliza
ni hatua gani tumechukua kumrejesha mtumiaji aliyepotea.
Hakuna. Mungu atuepushe nazo.

Kuridhika, kuanzia moja hadi tano.
Eladio, mapafu yake yakipiga filimbi,
mapafu aliyoyajaza vumbi chini ya ardhi kwa miaka ishirini na minane,
amezungushia duara moja.
Sababu: radieta ya kushoto haina nguvu.
Amekaa kando ya radieta hiyo baridi kumi mfululizo.

Kizuri chajiuza, ndivyo nilivyolelewa.
Kumbe kizuri nacho hujaziwa fomu,
hupigwa mhuri, huambatishiwa nakala mbili.
Sibezi. Huko Oviedo pia yupo mtu mwenye kikokotoo
na mabonde saba yanayogombea shuka moja;
akivuta huku, kule miguu iko nje.
Lazima apime kwa kitu.

Ila Zunilda nimweke wapi?
Hajawahi kukanyaga ndani.
Hulea kikongwe mtaa wa juu mpaka saa nne usiku,
sisi tumekwisha kufunga tangu saa mbili,
naye huketi kwenye ngazi zetu, mgongo ukutani,
akinyonya waifai yetu kupitia mawe.
Ng'ambo ya bahari, Paraguay, ndiyo kwanza jua linazama;
mwanawe anamwonyesha jino lililong'oka,
yeye anamwonyesha theluji, konzi nzima,
mpaka vidole vinakufa ganzi.
Jicho jekundu halimjui.
Waraka wa Novemba wa kubana umeme unasema
vifaa vyote vizimwe wakati wa kufunga.
Huwa nasahau kimoja.
Uzee.

Ukurasa wa kumi na moja: Mengineyo.
Mstari mmoja, herufi sitini, usizidishe.
Naandika, nafuta. Naandika nukta, naifuta nayo.
Ijumaa, saa sita kasoro dakika nne,
Moro anakatiza mwanga, mara ya pili leo,
na mimi najaza:
Radieta ya kushoto irekebishwe kabla ya baridi ijayo.