Vitanda Vimelala

Burnley, Januari 1930.
Vitanda vya mfumi vimelala;
Edith Holgate, aliyeviamsha miaka ishirini na sita,
hana usingizi.

Mwenye kiwanda asema: ni Wajapani.
Gazeti: wakubwa wa London
wameifunga pauni kwenye dhahabu,
kitambaa chetu kikawa ghali ng'ambo.
Kasisi: uvivu.

Mumewe hasemi. Anakumbuka
vitanda vipya alivyovifungasha makashani,
akaandika kwa lami: BOMBAY,
akalipwa ziada ya usiku,
akanunua baiskeli.

Dirisha la posho. Karani anachezesha midomo.
Edith, kiziwi wa kiwanda, anaisoma:
Umetafuta kazi kwa dhati?

Vidole vyake, chini ya kaunta,
vinafunga fundo
la uzi usiokuwapo.