Simu Yako ni Muhimu

Novemba, mji Rovigo, ukungu u dirishani;
Nataka jambo kidogo: kutoka mkatabani.
Simu imekuwa zigo, saa nzima sikioni:
"Simu yako ni muhimu, tafadhali usikate."

Uholanzi kwa Milena, picha huja ikakwama,
Kinywa kiwazi cha mwana hakisemi, kimegoma.
Akirudi, keshanena, la maana limezama.
"Simu yako ni muhimu, tafadhali usikate."

Hatua ya mjukuu ya kwanza, nikaikosa;
Mguu ukawa juu, zulia haujagusa.
Iliporudi, miguu yote miwili yanesa.
"Simu yako ni muhimu, tafadhali usikate."

Wamechimba mtaani, nyaya mpya zimelala,
Jirani yangu wa chini aona gozi akila.
Mimi yuro thelathini nalipa nikae jela.
"Simu yako ni muhimu, tafadhali usikate."

Ukinunua, ni moja, mtu hujibu haraka;
Ukihama, ngoja, ngoja, zeze litalalamika.
Ukiisha, unakuja, wenyewe haujachoka.
"Simu yako ni muhimu, tafadhali usikate."

Sima yangu ya mahindi yaungua katikati,
Ninanusa, na siendi, nisije poteza kiti.
Paka naye, kama fundi, aipekua paketi.
"Simu yako ni muhimu, tafadhali usikate."

Kijana akaitika, sauti kama halua:
"Mama, mbona waondoka? Nusu bei nachukua."
Nikasema, "Nimechoka." Akasema, "Natambua."
"Simu yako ni muhimu, tafadhali usikate."

Wa pili akauliza, "Kwani wewe ni Nereo?
Karatasi yaeleza, yeye ndiye mwenye cheo."
Nereo? Aliteleza, miaka tisa na leo.
"Simu yako ni muhimu, tafadhali usikate."

Alitoka na kinanda na soksi zake za sufu,
Hakusema anakwenda, hata kwa neno dhaifu.
Jina lake likaganda kwenye hati, kama wafu.
"Simu yako ni muhimu, tafadhali usikate."

"Nilipaye ndimi, dada, hata mwezi wa mkopo!"
"Hiyo haina faida pasipo yeye kuwapo.
Sauti yake ni ada. Mwite, kama yupo hapo.
Simu yako ni muhimu, tafadhali usikate."

Nikashika koo langu, nikalikwaruza ndani,
Sauti nzito, ya chungu, kama ya mtu pangoni:
"Ni Nereo, dada yangu. Nimerejea nyumbani."
"Simu yako ni muhimu; Bwana, sasa usikate."

Tarehe ya kuzaliwa? Jina la mama? Nataja.
Kumbe sijaondolewa hata tarakimu moja.
Yeye mwenyewe ni hewa, taarifa zimengoja.
"Simu yako ni muhimu; Bwana, sasa tuikate.

"Swali moja la mwishoni, fomu yangu yauliza:
Bwana, sababu ni nini ya wewe kutupuuza?
Ni bei? Kasi? Jirani? Chagua, nami najaza.
Simu yako ni muhimu, tafadhali usikate."

Swali hilo, miye naye hatukuwahi kufika.
Nimengoja anambiye, ukungu ukianguka;
Leo ndimi niwe yeye, na kinywa kimekauka.
"Simu yako ni muhimu... Bwana, upo? Usikate."

"Sijui," nikamjibu kwa sauti yake ile.
"Andika: hana sababu. Katoka, kaenda mbele."
Akachapa taratibu, nikisikia vidole:
"Bwana umeshaondoka. Heri na ikufuate."

Taa nne zikazima, kisanduku kikapoa;
Kwa posta nikakituma, kingine sina cha ndoa.
Ijumaa, hima hima, barua nikaitoa:
"Nereo, twakukumbuka. Rudi, punguzo upate."