Mpishi Hayumo

Wameileta kwa fleshi, vijana wa Limbani,
wakatandaza shuka jeupe ukutani kwa Khatibu.
Kiingilio mia tano, njugu utajinunulia.
Shaame akalipa kama mtu yeyote,
akakaa nyuma, karibu na mlango.

Boti mbili zinarukaruka juu ya maji,
ngazi imenasa ubavuni mwa meli,
na watoto wetu, Mola awasamehe,
wanawashangilia wenye bunduki.
"Mjomba, ndivyo ilivyokuwa?"
"Hiyo ngazi nzuri," alisema. "Ile yetu ilipigwa misumari."

Nahodha wa filamu ana shati lisilochafuka.
Kila akifungua mdomo, muziki unapanda.
Mimi nikamtafuta mpishi.
Jiko likapita mara moja tu:
sufuria zinang'aa, mtu hamna.

Basi nani aliyekuwa akiwapikia?
Miezi saba na siku nne
nani alipima mchele kwa kikombe cha chai,
akachuja maji ya kutu kwa fulana yake?
Nani aliamshwa usiku wa manane, mtutu mbavuni,
kwa kuwa kitoto cha miaka kumi na sita,
chenye bunduki kuliko kimo chake,
kinaumwa tumbo, kinataka uji?
Akakikorogea. Akaupuliza upoe.
Hilo alinambia mara moja, taa imezimwa,
nami nikajifanya nimelala.

Huku Wete, simu ya kampuni:
"Mazungumzo yanaendelea, mama."
Nikauza cherehani. Nikauza karafuu zingali mtini.
Sehemu hiyo filamu haina, ingewachosha watu.

Mwishoni helikopta, risasi, maji mekundu.
Ukumbi mzima makofi.
Nikageuka: kiti kitupu, mlango wazi.

Nimemkuta jikoni, shati kalivua, anakuna nazi.
Sufuria ya harusi ndiyo kaibandika.
"Shaame, tuko wanne."
Hakunisikia. Anapanga sahani sakafuni,
zikaisha, akapanga vifuniko, akapanga sinia,
anahesabu chini chini:
kumi na saba wetu, tisa wao.

Nikamwacha apakue.
Alfajiri nikazunguka na wali, mlango kwa mlango,
nikisema kwetu palikuwa na khitma.
Bi Mgeni peke yake ndiye aliyeuliza: ya nani?
Nikasema, ya mtoto mmoja,
simjui jina.
Alikuwa akiumwa tumbo.