Mistari Arobaini ya Syombua

Bosi alisema: mpe mistari arobaini, isizidi.
Wachezaji hawana subira, wanatafuta risasi na maji safi.
Nikaketi ghorofa ya tatu, Kariobangi South,
juu ya duka la vipuri vya pikipiki,
nikamuumba Syombua, miaka kumi na mitatu,
mtunza hadithi wa Watu wa Reli.

Nikampa Nairobi iliyokwisha.
Barabara ya Thika imeota mtama njia zote nane,
jumba la mikutano limevuliwa kofia,
popo wanaingia na kutoka bila kitambulisho.
Ukoo wake hulala kwenye stesheni ya zamani
chini ya saa iliyogoma saa nne na dakika saba,
na pale palipoandikwa LIPA HAPA
huweka punje tatu za mahindi kila alfajiri,
maana wahenga, wanavyoamini,
waliinama pale wakanong'ona namba zao za siri.

Shingoni nilimvika laini za simu,
zimetobolewa kwa msumari wa moto, zikatungwa kama shanga.
Kila laini ni mtu.
Anagusa ya kijani: "Huyu aliuza mayai na kachumbari.
Aliwadai wengi. Hakumfuata yeyote."
Anagusa iliyokatika kona:
"Huyu alipiga mara kumi na moja siku ile.
Hakuna aliyepokea."

Huo ni mstari wa kumi na tisa.
Niliuandika usiku, nikazima kompyuta,
nikampigia kaka yangu aliye Mwingi.
Akauliza, kuna nini?
Nikasema, hakuna.

Sauti aliitoa Kerubo, binti wa jirani.
Tulimfungia ndani ya kabati na blanketi mbili,
maikrofoni ya kuazima, nguo zinazonuka dawa ya nondo.
Kila mkokoteni wa maji ulipopita tulianza upya.
Kwa pumzi moja, gizani, akasoma:

*Mji ulikuwa mji, wa taa na watu tele,*
*Mto haukuwa maji, povu lilokwenda mbele,*
*Kikaja kimya mlaji, kikameza makelele,*
*Aliyebaki ni nani? Ni mwenye kusimulia.*

Mchezo ukatoka.
Syombua hukusimamisha penye reli, anasema: Paukwa!
Chini ya kioo kuna vitufe viwili:
*Pakawa*, na *Ruka*.
Wiki ya kwanza nilitazama hesabu.
Kati ya kila watu mia, tisini na mmoja waliruka.
Walimwacha na neno mdomoni,
wakakimbilia daraja lenye majambazi.

Kisha ikaja taarifa kutoka kwa mtu wa Rongai
ambaye, nadhani, alisinzia akicheza.
Ukisimama naye mpaka mvua inyeshe,
usiguse kitu,
msichana ana mstari wa arobaini na moja.

Nikasimama. Ikanyesha.
Kikohozi kidogo. Mlango wa kabati ukalia.
"Mama ananiita. Ngojeni hapo hapo,
nisije nikasahau nilipofika."

Bosi aliandika: hitilafu, ondoa.
Kerubo sasa yuko kidato cha nne, sauti imeshuka kifuani,
ananiamkia kwenye ngazi kama afisa wa benki.
Nilimchezea kipande kile. Akacheka,
akasema, huyo si mimi,
halafu akaomba kusikia tena.

Sikuondoa. Niliandika "imeshughulikiwa"
nikafunga faili.

Usiku mwingine, fundi wa chini akishashusha mlango wake wa chuma,
narudi stesheni, nasimama mbele yake, mikono mapajani.
Popo wanatoka. Mvua inaanza upande wa Ngara, inakuja.
Syombua anasema Paukwa,
nami najibu kwa mdomo, chumbani,
kwa sauti ya kumfikia mtu aliye kabatini.