Kipimo cha Wiki ya Sita

Kliniki zimejipanga mtaa wa San Fernando
kama meno ya dhahabu.
Mimi niko nyuma yao, hapa hapa Cali,
ghorofa ya pili, juu ya tanuri la mikate ya jibini.
Wao hukata; mimi hubana.
Nashona mikaja:
mpira laini, safu tatu za kulabu,
ya kuishikilia nyama isisahau umbo
ililoagizwa juzi kwa kisu.

Wengi huja na picha kwenye simu.
Kiuno cha huyu, nyonga za yule.
Nawapima kimya. Futi yangu
imeona mengi, haina umbea.

Aurelina Mosquera hakuja na picha.
Mpishi wa shule, anatoka Aguablanca,
vidole vinanuka kitunguu hata Jumapili.
Kwa miaka miwili alipunguza
kilo sabini na moja
akadhani safari imekwisha.
Kumbe mafuta yalihama
yakaacha nyumba wazi.
Alipoinua blauzi nikaliona:
gunia lililomwagwa mahindi
likabaki linaning'inia msumarini.
Aliikunja ngozi yake mwenyewe
akaichomeka ndani ya sketi.
"Jasho likikaa humu nachubuka.
Napaka poda ya watoto, Nohemí.
Mimi, na miaka yangu arobaini na tisa."
Sokoni walimpongeza: umekonda, umependeza!
Aliitikia, mkono mmoja
umeushika mkunjo chini ya koti.

Akauza pikipiki.
Akacheza upatu na wapishi wenzake,
akaomba zamu ya kwanza.
Akalala mezani saa nne na nusu.

"Wamenitoa kilo tano za ngozi.
Niliuliza zimepelekwa wapi.
Muuguzi akasema, kuchomwa, mama,
pamoja na taka nyingine.
Tano!
Wilmer alizaliwa na tatu na robo."

Wiki ya kwanza hakuweza kusimama wima;
alipanda ngazi zangu ameinama
kama aliyeangusha sarafu,
mirija miwili ubavuni,
vichupa vya maji mekundu mfukoni mwa aproni.
Wiki ya pili nikasogeza kulabu.
Wiki ya tatu alicheka, akashika tumbo,
akanilaumu kwa kumchekesha.
Wiki ya nne, amenipa mgongo, akauliza:
"Lile kovu lilikuwa wapi?"

Kovu gani?
Nilikuwa naona moja tu,
jipya, nyonga hadi nyonga,
kazi safi, hata mimi fundi nakiri.

"La Wilmer. Waliponipasua nimzae.
Lilikuwa hapa. Au hapa.
Alipokuwa mdogo alikuwa akibisha kwa kidole:
hodi, mama, naweza kurudi?"

Sasa anaendesha lori huko Antofagasta,
hapigi simu ila Siku ya Mama.
Huenda hata hakumbuki.
Karatasi sita alitia saini Aurelina,
za damu, za usingizi, za pesa.
Hakuna iliyoutaja mlango.

Neno sikuwa nalo. Nyuzi ninazo.
Nikaupindua mkaja ndani nje,
nikadarizi mstari mwekundu, shubiri moja,
upande unaogusa ngozi,
na pamba juu yake usimkwaruze.
Akauvaa. Hakusema asante.
Alishuka ngazi polepole
kiganja kimelala pale.

Leo ni wiki ya sita.
Uvimbe umeshuka vidole vitatu,
lazima nibane tena,
na mshono unapita palepale.
Nimeshika kifumulio, sisogei.
Harufu ya mikate inapanda.

"Fumua tu," anasema. "Kisha ushone upya."

Nafumua. Nyuzi nazikusanya kwenye sahani.
Nachukua chaki, naweka rula.
Ananiondolea rula, anaiweka dirishani.

"Lipinde kidogo. Kushoto lilipanda juu.
Daktari wa usiku ule alikuwa na haraka,
na mtoto alikuwa na haraka kumshinda."