Upande wa Kulia

Wembe umebaki mmoja.
Nyingine ziko kwenye treni, labda Saranda, labda Itigi.
Kalunde ameugawa kwa wino: kushoto pa kuparia,
katikati pamechoka, palichora mistari
juu ya uvimbe wa mzee wa Isevya.
Kulia hapajaguswa.

Ndani ya jokofu, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
kinofu cha titi la Nyamizi kimeganda kama asali ya Julai.
Simu ya upasuaji inalia. Ilie.
Anapara kwa kushoto hadi uso unyooke,
kisha anausogeza wembe upana wa kidole,
anazungusha mpini mara moja.
Utando unatua kiooni bila mkunjo.

Anafuta makali, kutoka chini kwenda juu,
anaandika kwenye kisanduku:
bado mtu mmoja.